Owuor Hakuandika Kitabu

Mara ya kwanza kuiona filamu ninayotaka kuizungumzia hapa nilikuwa sebuleni kwa rafiki yangu, Area C, hapa Dodoma, miaka michache baada ya filamu hiyo kupata tuzo ya Oscar mwezi Machi 2003. Tulikuwa watu saba au wanane, na santuri ilikuwa ya kuazima. Filamu ni ya Kijerumani, nayo inaitwa Nirgendwo in Afrika, ambalo kwa tafsiri yangu ni Si Popote katika Afrika. Wengi wetu tulikuwa tukisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, lakini mama mzazi wa mwenye nyumba, mama wa umri mkubwa asiyejua Kiingereza wala Kijerumani, aliifuata kwa njia nyingine kabisa. Alikuwa akisubiri Kiswahili. Kila mpishi Owuor alipofungua kinywa, mama alisogea mbele ya kiti chake. Wazungu walipoanza kugombana kwa lugha yao, alirudi nyuma akaendelea kuchambua mchicha.

Tulicheka sana mwanzoni. Nani asiyecheka akimsikia Mzungu akihangaika na Kiswahili cha jikoni? Baadaye kicheko kilikwisha. Ilipofika habari kwamba ndugu waliobaki Ujerumani wanapelekwa Poland, na yule baba akatambua maana yake kabla ya mkewe, sebule nzima ilinyamaza. Filamu ilipokwisha, kila mtu akatoa maoni yake juu ya vita, juu ya Hitler, juu ya uzuri wa nchi ya Kenya. Mama akauliza swali moja tu: "Wanangu, na yule mpishi, watoto wake wako wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi niliyekuwa nimezoea kujiona mhakiki, niliyesoma riwaya zenye makabati mazima, sikuwa hata nimelifikiria swali hilo. Limekaa nami tangu siku hiyo, na tahakiki hii ni jaribio la kulijibu. Msomaji atanisamehe nikichelewa kufika.

Kwanza kisa chenyewe. Filamu iliongozwa na Caroline Link mwaka 2001, nayo imetokana na riwaya ya Stefanie Zweig iliyotoka 1995. Walter Redlich, wakili Myahudi kutoka mji mdogo wa Leobschütz, amenyimwa kazi yake na sheria za Wanazi. Anatangulia Kenya, anakuwa msimamizi wa shamba la mtu mwingine huko Rongai, anaugua malaria, na mpishi wake Owuor, Mjaluo, ndiye anayemuuguza. Walter anamzawadia joho lake jeusi la uwakili, maana huku halina kazi tena. Mwaka 1938 mkewe Jettel na binti yao Regina wanamfuata. Jettel ameagizwa alete friji. Yeye analeta gauni la jioni. Mtoto Regina anajifunza Kiswahili haraka kuliko wazazi wake wote wawili, anashinda jikoni na nje, na Owuor anakuwa mwalimu wake wa mambo yote yenye maana. Septemba 1939 vita vinapoanza, Waingereza wanawakamata Wajerumani wote kuwa raia wa nchi adui, pamoja na Wayahudi waliomkimbia Mjerumani huyohuyo. Baadaye Walter anaingia jeshi la Uingereza, Regina anapelekwa shule ya bweni ya Kiingereza, na mwaka 1947 familia inarudi Ujerumani. Owuor anashika njia yake, pamoja na mbwa wa nyumba ile.

Zweig hakuficha kwamba haya ni maisha yake mwenyewe. Alizaliwa Leobschütz mwaka 1932, akaletwa Kenya akiwa mtoto, akarudi na wazazi wake 1947, akawa mwandishi wa habari mjini Frankfurt, akafariki 2014. Tazama ile "kurudi" ilivyokuwa: Leobschütz wakati huo haukuwa tena Ujerumani. Mipaka ilikuwa imesogezwa, mji umekuwa wa Poland na unaitwa Głubczyce. Walirudi nchini bila kurudi nyumbani. Ndipo ninapoelewa kwa nini riwaya iliyofuata, ya mwaka 1996, aliiita Irgendwo in Deutschland, yaani Mahali Fulani Ujerumani. Afrika haikuwa popote. Ujerumani ikawa mahali fulani, pasipo jina.

Vitabu vya aina hii ni vingi sasa, na ni vema tukiweke cha Zweig mahali pake. Waliookoka mauaji yale ya Wayahudi milioni sita wengi wao hawakuzungumza kwa miaka mingi. Walilea watoto, wakafanya kazi, wakanyamaza. Watoto ndio walioanza kuuliza. Mwaka 1979 Helen Epstein, mzaliwa wa Prague aliyekulia New York, alichapisha kitabu kuhusu watoto wa waliookoka. Alizunguka kuwahoji watu wa umri wake ili ajue kama wenzake nao wamelelewa ndani ya ukimya kama yeye. Art Spiegelman aliketi na baba yake na kinasa sauti, akachora masimulizi yale kwa katuni ambazo ndani yake Wayahudi ni panya na Wajerumani ni paka. Juzuu mbili za Maus zilikamilika 1991. Daniel Mendelsohn, wa kizazi cha baadaye, alizunguka nchi nyingi akitafuta jinsi ndugu sita wa familia yake walivyokufa katika mji mdogo ulio leo Ukraine, na kitabu chake kilitoka 2006.

Wote hawa wanafanya kazi moja: wanatafuta kitu ambacho hawakukiishi lakini kimewalea. Kazi hiyo ina hatari zake. Mtoto anaweza kuyafanya mateso ya mzazi kuwa pambo lake. Anaweza kumtukuza mzazi hadi asionekane kuwa binadamu. Spiegelman aliepuka hatari hiyo kwa ukali: anatuonyesha baba yake akiwa bahili, mgomvi, na zaidi ya yote anatuonyesha kwamba baba huyo alichoma daftari ambamo mama, aliyejiua baadaye, alikuwa ameandika kumbukumbu zake. Mwana anapoambiwa hivyo anakasirika kupita kiasi. Kwangu mimi hapo ndipo kilele cha kitabu, maana hapo anakiri kwamba nusu ya urithi wake imekuwa moshi, na hajaribu kuibuni upya. Ukurasa wa mama unabaki mtupu.

Jambo jingine la kuzingatia ni karatasi. Wajukuu hawa wana karatasi. Wanazi waliua kwa orodha: orodha za waliopandishwa treni, namba, tarehe, majina ya vituo. Katika mji wa Bad Arolsen nchini Ujerumani kuna hifadhi ya mamilioni ya nyaraka za watu waliofungwa na kuteswa, nayo ilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2007. Mjukuu anaweza kuandika barua akiuliza habari za babu, na pengine akajibiwa kwa nakala ya kadi yenye jina la babu kwa mwandiko wa mwuaji wake. Msanii Gunter Demnig ameweka vijiwe vyenye bamba la shaba kando ya barabara, mbele ya nyumba walimoishi waliouawa, kila kijiwe na jina moja. Kufikia 2023 vilikuwa vimezidi 100,000. Hata barua fupi za Msalaba Mwekundu za wakati wa vita, zilizoruhusiwa kuwa na maneno yasiyozidi 25, zimehifadhiwa na watu katika masanduku yao. Nimejaribu mara moja kuandika barua ya kumuaga mama yangu kwa maneno 25. Nilipofika neno la kumi na tano nilikuwa bado katika salamu.

Sasa turudi kwa Zweig. Yeye yuko katikati: si mrithi tu wa habari za wazazi, wala si mtu mzima aliyeyaelewa yote yalipotokea. Aliyaona akiwa mtoto, akayaandika akiwa na zaidi ya miaka sitini. Nguvu ya riwaya iko hapo. Regina haoni msiba mkubwa. Anaona mama akilia, baba akikunja barua, Owuor akikaa kimya jikoni kwa kuwa amejua kuna jambo. Msomaji ndiye anayejua treni zinakwenda wapi. Kwa upande wa lugha pia, mwandishi amefanya jambo ambalo mhakiki wa Kiswahili hana budi kulisifu. Kiswahili kwa Regina si rangi ya kupambia mandhari. Ni lugha ya utoto wake, lugha ambayo ndani yake hakuna aliyemtukana kwa kuwa Myahudi. Kijerumani kimeingia sumu, Kiingereza ni cha shule ambako watoto wa Kiyahudi hutengwa wakati wa sala ya wenzao. Kiswahili kimebaki safi. Sijui riwaya nyingine ya Ulaya iliyoipa lugha yetu heshima ya namna hiyo.

Filamu imepunguza jambo hili kidogo. Link amehamisha uzito kutoka kwa binti hadi kwenye ndoa ya wazazi, na mara nyingi tunatazama ugomvi wa Walter na Jettel pale ambapo riwaya ingetuweka nyuma ya macho ya mtoto. Hata hivyo filamu imepata kitu ambacho karatasi haikuwa nacho: uso na sauti ya Sidede Onyulo, mwigizaji wa Kenya aliyemwigiza Owuor. Onyulo hakumfanya mpishi kuwa mjinga wa kuchekesha wala mtakatifu. Ana kiburi cha kazi yake. Kuna mambo hayafanyi kwa kuwa si kazi ya mwanamume, na anapoamua kuyafanya tunaona yanamgharimu. Ndiyo sababu mama yule wa Area C alimwuliza habari za watoto. Angekuwa kikaragosi, asingemwulizia.

Na hapa ndipo lawama yangu inapoanzia. Tunajua Owuor anatoka upande wa Kisumu, lakini hatufiki kwao. Tunajua jinsi anavyopika. Hatujui nani anapikiwa kwake na nani anampikia. Anasafiri kuwafuata mabwana zake wanapohama, na safari hizo zinasimuliwa kuwa dalili ya upendo tu. Pengine upendo ulikuwepo. Sina haki ya kuukana. Lakini upendo wa mtu anayeweza kufukuzwa kazi kesho una mashaka yake, na mwandishi mzima wa miaka sitini alikuwa na nafasi ya kuyatia mashaka hayo ndani ya kitabu hata kama mtoto Regina hakuwa nayo.

Tena iko ardhi. Mashamba ya Bonde la Ufa yalikuwa sehemu ya nchi waliyotengewa Wazungu, na Wamasai walikuwa wamehamishwa huko kwa mapatano ya 1904 na 1911. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa imefikia hata kuwapa viongozi wa Wazayuni eneo la Uasin Gishu ili wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Urusi wapate pa kukaa. Mkutano wao ulikataa 1905. Historia inalitaja sana shauri hilo kwa upande wa waliopewa na waliotoa. Wenyeji wa eneo lenyewe hawakuulizwa na yeyote. Basi familia ya Redlich, iliyonyang'anywa kila kitu kwa sababu ya damu yake, ilifikia nchi ambayo nayo ilipanga watu kwa damu yao, na huku mpangilio ukaiweka juu. Walter alikuwa fukara, lakini alikuwa fukara mwenye mpishi. Kukimbilia kwao kulikuwa halali. Mtu anayekimbia moto haulizi hati ya nyumba anayoingia. Lakini mrithi anayeandika miaka hamsini baadaye, moto ukiwa umezimwa, anaweza kuuliza nyumba ilikuwa ya nani. Zweig hakuuliza kwa kina. Jina la kitabu lenyewe linamshtaki. Si Popote? Kwa Owuor na wenzake palikuwa ni Rongai, na Rongai ina wenyewe.

Nitajibiwa kwamba ninadai kitabu ambacho mwandishi hakukusudia kukiandika. Ni kweli kwa sehemu. Mtu aliyepoteza bibi na shangazi katika mauaji yale haombwi kwanza aandike historia ya mpishi. Ana maiti wake wa kuzika. Nami sitaki nionekane napima msiba kwa msiba, maana hiyo ni mizani ya watu wabaya. Nasema tu kwamba Zweig mwenyewe ndiye aliyemweka Owuor katikati ya moyo wa riwaya. Akishamweka hapo, tunayo haki ya kutazama kama amemwona mzima.

Hata sisi wa mkoa huu tusidhani mambo hayo yalitokea mbali. Kuanzia 1942 Waingereza walileta Tanganyika maelfu ya wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali ya Stalin hadi Siberia na Kazakhstan, kisha wakapitia Uajemi. Kambi zao zilikuwa Tengeru, Ifunda, Kidugala, Morogoro, na Kondoa yetu hii ya Irangi. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, na yaliyowapata si yale ya Auschwitz. Ni vizuri kutochanganya. Lakini nao wana watoto na wajukuu, na wajukuu hao wamekuwa wakifika Tengeru na picha mkononi, wakitafuta makaburi. Nilipopita Kondoa miaka ya nyuma nilimwuliza mzee mmoja juu ya Wapolandi. Akanionyesha kwa kidevu upande wa makaburi yao, kisha akasema babu yake aliwauzia mayai. Hilo ndilo lililobaki: upande mmoja jiwe lenye jina, upande wa pili mayai.

Nimekwepa kwa muda mrefu wa kutosha. Sasa nije kwangu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtoto wa Mtunya. Kwa msomaji asiye wa huku: Mtunya ni njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Haikuletwa na ukosefu wa mvua peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baada ya 1916 ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Mvua iliposhindwa, ghala zilikuwa zimekwisha kukombwa. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeandika juu ya njaa hiyo mwaka 1990, ameeleza kwamba ilikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Mathias Mnyampala, mwana wa Ihumwa, alizaliwa 1917, njaa hiyo ilipokuwa inaanza; huyu ndiye aliyetuandikia historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu cha mwaka 1954. Mbali na yeye, warithi wa Mtunya hatuna maktaba.

Katika njaa hiyo bibi yangu aliachwa kwa watu waliokuwa na mtama. Hakuuzwa, walisema wakubwa. Aliwekwa, na waliomweka wangerudi kumkomboa. Hawakurudi. Alikulia hapo, akaolewa akitokea hapo, akafa mwaka 1984 akijulikana kwa ukoo wa watu waliomlisha. Ukoo wake wa kuzaliwa na mwiko wake hatuujui. Katika ujana wangu, nikiwa nimerudi likizo na maarifa mengi ya vitabuni, nilimwuliza. Alinitazama, akanituma maji. Nilileta maji. Sikuuliza tena, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba hiyo ilikuwa heshima. Leo naiita kwa jina lake: nilikuwa na vitabu vya kusoma, na habari za kikongwe wa kijijini hazikunishughulisha.

Ilikuja kunishughulisha binti yangu alipoposwa. Wazee wa pande zote mbili walikaa kupitia koo, kama ilivyo desturi, wahakikishe hawaozi ndugu kwa ndugu. Walipofika kwa bibi yangu pakawa na shimo. Mzee mmoja akasema, bila ubaya wowote, "Huyu ni wa Mtunya," wakavuka wakaendelea. Binti yangu, ambaye alizaliwa mjini na hajui Kigogo cha kutosha, aliniuliza baadaye maana yake nini. Nikaanza kumweleza, nikagundua kwamba yote ninayoyajua yanamalizika kwa sentensi tano.

Usiku ule ndipo nilipomwelewa Mendelsohn, na pia Spiegelman mbele ya daftari zilizochomwa. Na ndipo swali la mama wa Area C liliponigeukia. Watoto wa Owuor wako wapi? Huenda mmoja wao amekaa mahali fulani kama mimi, anasoma riwaya za watu na kuzikosoa kwa kuwa hazikumtaja baba yake, wakati yeye mwenyewe hajaandika ukurasa mmoja. Owuor hakuandika kitabu, bibi yangu hakuandika kitabu. Sisi tunaojua kuandika tumemwachia Zweig kazi yote, kisha tunamlaumu kwa kuifanya nusu.

Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Ni methali kali, na imetumika kuwapiga watu wengi. Haikumfikiria mtoto aliyeachishwa asili kwa debe la mtama, wala yule aliyevuliwa uraia kwa sheria iliyochapwa gazetini. Hao hawakuacha. Kwa watoto na wajukuu wao methali inabaki na kazi moja tu: kutukumbusha kwamba anayeweza kutafuta na asitafute, huyo ndiye anayeacha.

Nihitimishe basi kama mhakiki. Nirgendwo in Afrika ni kitabu cha kweli na filamu yake ni nzuri. Nimeitazama mara nne na nitaitazama tena. Inafaulu katika lile gumu zaidi la fasihi ya warithi, yaani kutojaza ukimya kwa maneno ya kubuni: bibi na shangazi wanaopelekwa Poland hawapewi kifo cha kuigizwa, wanakoma tu kuandika. Inashindwa pale inapodhani kwamba ukimya wa jikoni ni ukimya wa mtu aliyeridhika. Ningependa isomwe katika vyuo vyetu, tena itafsiriwe kwa Kiswahili, kwa kuwa nusu ya moyo wake ulikwisha kuandikwa humo. Ujerumani iliyotoa kitabu hiki ndiyo hiyohiyo ambayo rais wake, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023 akaomba radhi mbele ya wazao wa waliouawa katika vita vya Maji Maji, wengine wakiwa bado wanatafuta kichwa cha mzee wao Songea Mbano aliyenyongwa 1906. Kazi ya warithi inazidi kukutana njiani, na hilo ni jema.

Kwa upande wangu, nilikwenda na binti yangu upande wa Mvumi, ambako bibi aliachwa. Nyumba ya waliomlisha haipo. Upo mbuyu na wajukuu wa wajukuu. Walitupokea vizuri, wakatupa ugali wa uwele na mlenda. Mzee wao alifikiri kwa muda mrefu, kisha akataja jina la ukoo mmoja na kusema nadhani hao ndio. Huenda alijua. Huenda aliona tumetoka mbali akaona aibu kuturudisha mikono mitupu, maana hivyo ndivyo adabu ya huku ilivyo. Binti yangu alikuwa na daftari. Aliniuliza kama aliandike jina hilo. Nikamwambia aliandike, lakini kwa penseli.